Taa za meli huwaangusha ndege wa bahari

Mhariri,

Mwandishi wenu mmoja ameeleza kwamba meli ikishaiacha pwani, baharia haoni kitu ila maji na mbingu. Mimi ni baharia mstaafu, na naomba nafasi nimpinge, kwa kuwa dhana hiyo ndiyo inayotufanya tuache taa zikiwaka ovyo usiku kucha.

Niliwahi kufanya kazi katika meli iliyopeleka mizigo Tristan da Cunha, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini kisicho na uwanja wa ndege, safari ya takriban wiki moja kutoka Cape Town. Nchi kavu ilipopotea machoni, albatrosi, ndege wakubwa wa bahari, walikuwa tayari nyuma ya tezi ya meli. Mmoja wao, wa aina ile ambayo mabawa yake yakikunjuliwa huweza kufika mita 3.5, alitufuata tangu alfajiri, na kwa muda wote niliokunywa chai yangu sikumwona akipiga bawa hata mara moja: alipanda akiukabili upepo, ambao juu huvuma kwa nguvu kuliko karibu na maji, kisha akageuka na kuteremka nao hadi ncha ya bawa ikakaribia kugusa wimbi. (Mpishi wetu alishikilia kwamba wanafuata makombo ya jikoni, na hakukosea sana.)

Msiba ulitufika usiku wa ukungu, tulipokikaribia kisiwa. Taa za sitaha zilikuwa zikiwaka zote, na ndege wadogo wanaorudi viotani gizani wakaanza kutuangukia. Niliokota mmoja kando ya winchi. Matundu ya pua yake yalikuwa ndani ya kijimrija juu ya mdomo, na miguu yake, iliyoumbiwa kuogelea, haikuweza kumsimamisha; akanitapikia mafuta yenye harufu ambayo sabuni haikuitoa kwa siku mbili. Tuliwatia walio hai katika maboksi, taa zikazimwa, tukawaachia mmoja mmoja. Wengine walikwisha kufa kwa kugonga chuma.

Sisemi taa za kuongozea meli ziguswe, maana hizo ni sheria. Lakini taa za sitaha zisizo na kazi zaweza kuzimwa, na madirisha ya vyumba yakafungwa mapazia. Vyuo vyetu vya ubaharia vinavyofundisha kuzima moto na kuokoa watu vingeweza kulitengea jambo hili nusu saa. Safari iliyofuata, nahodha wetu aliagiza hivyo kabla jua halijatua, na asubuhi tuliokota ndege wawili tu, wote wazima.

Baharia mstaafu,
Mombasa