Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee: Bibi huyu ana shamba, hana pa kulala

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mama lishe katika stendi moja mkoani Shinyanga. Nikifunga saa tatu usiku, benchi la wateja wangu linakuwa kitanda cha bibi mwenye miaka sabini na ushee. Anatandika khanga moja, anajifunika nyingine, na kichwani anaweka mfuko wa nailoni wenye barua. Aliniomba nimsomee. Ilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, asaidiwe." Ikagongwa muhuri kwa mtendaji, ikagongwa kwingine, na kwingine tena. Mihuri minne, na kila ofisi imemwelekeza mbele. Mikunjo ilikuwa imeanza kuachia, nikaishika kwa selotepu.

Yaliyomkuta si mageni huku kwetu. Mume alifariki, mwanawe wa pekee akafuata. Ng'ombe wa shemeji walipokufa, macho mekundu ya bibi yakawa ushahidi. Macho yale ni ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote. Aliondoka usiku, na msimu uliofuata shemeji akapanda mpunga kwenye majaruba ya bibi. Kilichotajwa ni uchawi. Kilichotakiwa ni majaruba.

Nilimshauri aombe nafasi kwenye makazi ya wazee, Kolandoto. Akanijibu, "Mwanangu, mimi si wa kulelewa. Nina shamba."

Mheshimiwa, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia kazi ya kumtunza mzee, makazi yakawa hatua ya mwisho. Sasa mzee aliyefukuzwa na familia hiyohiyo aende wapi usiku wa leo, wakati kesi yake haijaisha? Na kesi ni safari. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu. Hukumu iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nauli na mashahidi wanaoogopa kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko upande wake: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Lakini shemeji naye anashikilia kanuni za sheria za mila za 1963, zinazosema mjane hana fungu katika urithi iwapo ndugu wa ukoo wapo, atunzwe na watoto wake. Watoto gani? Mwaka 2015 Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, iliitaka nchi yetu irekebishe mila hizo, baada ya wajane wawili wa Kisukuma kulalamika. Tafadhali likumbushe Baraza la Mawaziri.

Kwako naomba nyumba moja kila wilaya, hata ya vyumba vinne, karibu na kituo cha polisi, bibi aingie bila barua. Afisa ustawi na msaidizi wa kisheria wamfuate hapohapo wamwandikie madai. Siku ya kurudi kijijini asirudi peke yake. Aende na mtendaji na askari, wasimame mbele ya mkutano wa kijiji, waseme majaruba ni ya nani.

Mvua huku huanza Novemba. Benchi langu liko chini ya turubai, na turubai linavuja.

Mama lishe wa stendi,
Shinyanga