Risala ya Kikundi cha Akina Mama na Vijana wa Sokoni, Arusha, kwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jaji Mstaafu;
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa pamoja na wajumbe wako;
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, akina mama, na vijana wa bodaboda mliokubali kuzima injini ili tusikilizane;
Itifaki imezingatiwa.

Shikamoo Mheshimiwa, na karibu sana sokoni. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wa wauza nyanya, ndizi, vitunguu, mitumba na chai. Wapo miongoni mwetu waliowahi kukuona zamani ukiwa umevaa joho, na hawakuwa na furaha siku hiyo. Leo wamekuja kwa hiari yao.

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa. Leo tunavunja mzunguko wa mwaka na kugawana tulichoweka. Sanduku lile mezani lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wasio ndugu. Anayenunua hisa, jina lake linasomwa kwa sauti. Anayepigwa faini anatajiwa kosa lake mbele ya wote, na akibisha anasikilizwa kwanza. Mengine ya historia yetu yako kwenye kabrasha, hatutakuchosha nayo.

Mheshimiwa, umetangaza kwamba utagombea udiwani katika uchaguzi ujao, na kwamba ukipita utawaomba madiwani wenzako wakupe umeya wa Jiji. Tuseme wazi mapema: kikundi hiki kina watu wa vyama mbalimbali na wengine hawana chama kabisa. Risala hii haikuungi mkono wala haikupingi, na atakayekuja kutangaza nia kama wewe naye ataalikwa. Ukisikia vigelegele, ujue ni vya mgao.

Ulipokuwa kwenye kiti cha jaji, Katiba ilikukataza kujiunga na chama chochote cha siasa. Uliachiwa haki ya kupiga kura tu. Umestaafu, na sheria ile ile ya nchi inakuambia hugombei hata udiwani bila kudhaminiwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu tarehe 14 Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Hukumu ipo, mgombea binafsi hayupo. Kwa hiyo kadi uliyochukua hatukulaumu nayo. Tunakuomba tu ukumbuke kwamba wanaopanga foleni kulipa ushuru hawaulizwi kadi.

Halafu liko jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: meya hapigiwi kura na sisi. Tunamchagua diwani wa kata, na madiwani ndio wanaokaa wakamchagua meya kati yao. Kwa watu wa Arusha hili si somo la darasani. Uchaguzi wa meya wa Desemba 2010 ulizua mgogoro kuhusu nani alistahili kupiga kura na kama kikao kilikuwa halali. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yakageuka vurugu na watu wakapoteza maisha katika mji huu. Tunalitaja bila kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu wewe ni mtu wa sheria na unajua kwamba akidi ya kikao, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuamua, jambo linaloonekana la makarani, linaweza kuzaa msiba.

Vijana wetu walipokuwa wanaandaa risala hii walitafuta kama yuko jaji duniani aliyewahi kufika unakotaka kwenda. Wakampata Manuela Carmena wa Hispania, jaji mstaafu, aliyekuwa meya wa Madrid mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 71. Kule nako meya huchaguliwa na madiwani. Orodha yake ya wagombea ilipata viti 20 kati ya 57, ikawa ya pili. Wasoshalisti wenye viti 9 wakamuunga mkono, zikatimia kura 29 zilizotakiwa. Akaanzisha mfumo wa wananchi kupendekeza na kupigia kura sehemu ya bajeti ya mji. Mwaka 2019 orodha yake ikaongoza kwa viti, lakini madiwani wa vyama vingine wakaungana na umeya ukaenda kwa mwingine. Aliingia akiwa wa pili, akatoka akiwa wa kwanza. Ukisimama jukwaani kutuahidi, Mheshimiwa, hesabu kwanza madiwani.

Hesabu na madaraka yenyewe pia. Meya anaongoza baraza la madiwani na anakalia kiti cha kamati ya fedha, lakini Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha, anateuliwa na Rais. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo cha halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji anayenunua umeme wa mia tano mia tano ndiye anayekatwa, mwenye nyumba yuko zake. Mtu atuambie hiyo ni kodi ya jengo au ya mpangaji.

Wazee wetu hapa wanakumbuka mambo ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, halmashauri zilipovunjwa na kazi zake kuchukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Miji ilichakaa, na kwenye mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Zikaja sheria za 1982, na Katiba ikaandikwa kwamba shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikatolewa sera ya mageuzi yenye neno kubwa, ugatuaji. Sisi wa sokoni tunaona ugatuaji umefika hadi kwenye mashine ya POS ya kukusanyia ushuru. Kwenye maamuzi bado uko njiani.

Kwa hiyo hatukuombi lami. Hatukuombi soko la ghorofa. Ukituahidi hayo tutapiga makofi, maana tumelelewa vizuri, lakini tutajua unaahidi mfuko ambao huushiki. Tunakuomba kitu ambacho meya anakiweza na ambacho jaji amekifanya maisha yake yote: kutoa sababu.

Mwenzetu mmoja, kabla hajahamia Arusha, alikuwa akiuza ndizi mbivu katika mji ambao jina lake tutalihifadhi. Asubuhi moja mgambo walimbebea beseni lake, na ndizi zake, na kitenge alichofunikia. Akalifuata ofisini. Akaambiwa alipe faini. Akauliza, faini ya kosa gani? Yule bwana mezani, bila kuinua macho, akamjibu, "Mama, usinifundishe kazi." Akalipa. Stakabadhi hakupewa. Beseni alirudishiwa tupu, ndizi zimeshaliwa, kitenge hakionekani. Yuko hapa leo, kaketi mstari wa tatu. Ndizi ameshazisamehe. Kitenge, hapana. Na kosa lake halijui mpaka leo.

Katika mahakama yako, Mheshimiwa, hata mwizi wa kuku alisomewa shitaka. Alijibu. Akishindwa, aliambiwa kwa nini, akapewa nakala ya hukumu akakate rufaa. Tunaomba utaratibu huo ushuke mpaka kwenye beseni. Sheria ndogo za ushuru na maeneo ya biashara zibandikwe sokoni, kwa Kiswahili ambacho muuza mchicha anakielewa. Atakayechukuliwa mali apewe karatasi yenye kosa, kifungu, kiasi cha faini, mahali pa kulalamika, na siku atakayojibiwa. Wachuuzi wakitakiwa kuhama eneo, wasikilizwe kabla ya greda kuwashwa. Haya hayahitaji fungu kutoka Dodoma. Yanahitaji baraza kupitisha azimio na meya kulifuatilia kila kikao bila kuchoka.

Vivyo hivyo kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kutorejeshwa na vikundi hewa, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Hatukupinga sana kusimamishwa huko. Vikundi hewa tunavijua, vingine vina wenyeviti tunaosalimiana nao. Tatizo ni kwamba kikundi halisi kikikosa mkopo kinaambiwa "subirini". Tuandikiwe: mmekosa kwa sababu hii, rekebisheni hiki, leteni tena.

Tena taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa. Mwenyekiti wetu tunamshukuru, anaisoma. Lakini anaisoma haraka kama tangazo la basi linaloondoka, na maswali yanaanza watu wakiwa wameshasimama. Mheshimiwa Mwenyekiti, utusamehe, tumekutania mbele ya mgeni.

Mabaraza ya kata nayo tangu 2021 hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha tu. Kwenye kata za pembezoni, ambako mashamba yanageuka viwanja kila mwezi, wajumbe wanahitaji mtu wa kuwafundisha usuluhishi. Hili huhitaji hata kushinda uchaguzi kulifanya. Jumamosi mbili tatu zinatosha, na chai tutaleta sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hii utakabidhiwa nakala yenye mihuri. Tunaomba utujibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba baadhi ya haya hayawezekani, mradi utuambie kwa nini. Barua yako itasomwa kwenye mkutano wa kikundi na kubaki kwenye faili. Wagombea wengine watakaoalikwa wataombwa hivyo hivyo.

Sasa, kwa heshima, tunakuomba usogee mezani. Washika funguo watatu wafungue sanduku, mhasibu asome hisa za kila mtu, nawe ukabidhi bahasha. Kila mmoja ahesabu fedha zake hapa hapa kabla hajaondoka mezani.

Tunaomba kuwasilisha.