Mukate na kikanda (barua kwa mwana wangu kule Liège, Belgique)

Papa wangu,

Nimesikiliza ile audio yako ya samedi. Ati benzako ba mu kot, ile nyumba ya banafunzi, balikuuliza kwenu Lubumbashi banatiaka nini mu mukate, na weye ukajibu siagi tu. Siagi! Mutoto nililisha kikanda, ile ya unga ya mizizi na karanga, tangu meno ya kwanza, leo anajibu siagi juu anaogopa bazungu bamucheke.

Na beye banakula nini? Babelji banapakaa mukate nyama ya ngombe mbichi, ya kusaga, banaita américain, na kuko ile mitraillette, mukate murefu banaweka nyama na frites (chipsi) yote ndani na sosi juu. Baholandi banamwanga bipande bidogo bya shokola juu ya siagi asubuhi, mutu muzima mwenye kravati, na hakuna anamucheka. Bangereza frites katikati ya mikate mbili. Kila mutu na ya kwao, papa, basi sema na weye ya kwenu.

Sikia sasa, juu hii sijakuelezaka vizuri. Kwetu mu Katuba, mutaa yetu ya Lubumbashi, ungeona tu ndani ya mukate ungejua ni tarehe ngapi. Babu yako alikuwa kazi mu kampuni ya shaba, siku ya mushahara mukate ilikuwa na sardini ya mafuta, yai ya kukaanga, mama anaimba mu jikoni. Wiki inayofuata avoka na chumvi na pilipili, juu jirani alikuwa na muti na alituachia ile inaanguka. Kisha karanga ya kutwanga na sukari kidogo. Kisha maharagi ya jana, baridi, unafinya mukate pole pole isikutokee pembeni, na hiyo nilikuwa naipenda kuliko sardini lakini kusema mbele ya batoto bengine, hapana. Mwisho wa mwezi kabisa chai tu, unachovya. Na miaka ile mushahara ilianza kuchelewa, miezi inapita, tarehe ikapotea mu mukate, tukakula maharagi wiki zote, sitaki kusema sana juu ya ile.

Kikanda yenyewe haikuwa na tarehe. Njo uzuri yake. Ilikuwa bei kidogo, lakini ukiikata unaona nyama, ata ukitafuna unasema nyama, na ata kamafuta ka nyama hakuko ndani. Bazambia banaita polony yao, kama soseji. Pale soko Kenya kulikuwa mama mumoja na beseni yake, kisu anaipanguza na kitambaa, anakata kipande nyembamba sawasawa na mukate, unaifinya na kidole inarudia. Sisi tulikuwa tunapigania ya pembeni, ile imeguswa na moto, ngumu kidogo, rangi ya tofali. Mutu wa kwanza kufika asubuhi anapata pembeni, bale ba nyuma banakula ya katikati na kununa.

Ulitaka recette ya kupikia rafiki zako, basi ni hivi. Mizizi ya kikanda banaikausha, banaitwanga, banachunga ikuwe unga. Karanga pia unatwanga mpaka inakuwa unga. Unachemsha maji na chumvi na pilipili ya unga, unatia karanga, inapika, kisha unga ya kikanda na bicarbonate kidogo (bibi yako alikuwa anatumia maji ya majivu, na mimi naona ilikuwa tamu zaidi lakini dada yangu anakataa), unasonga kama bukari (ugali), kwa nguvu, mpaka mukono inaomba ruhusa. Inaposhikana unafunika sufuria na unaweka makala (makaa) ya moto juu ya kifuniko, ikauke huku na kule. Usikate ikiwa moto, itavunjika.

Lakini unga sitakutumia, usinisumbue. Ile mizizi ni ya maua ya okide, inachimbwa mu pori, na ukiichimba maua imekufa. Bantu banachimba mpaka mbali, ata kule Tanzania mu milima ya kusini balikuwa banachimba banauza Zambia, ndio moja ya sababu balifanya Kitulo parke ya taifa mu 2005. Na okide kuvuka mipaka inaomba karatasi za CITES, ile mapatano ya dunia ya kulinda miti na nyama za pori, mi sitaki mwana wangu ashikwe mu uwanja wa ndege wa Zaventem juu ya kilo mbili ya kikanda.

Ya finkubala, bale badudu ba kula ba mu miti, najua utasema "mama hapana". Ulikuwa mudogo unatoa moja moja mu mukate, unakula finkubala peke yake, mukate unamuachia mbwa, na nilikuwa nakuchapa juu mukate njo bei. Nilikuwa naloweka ile ya kukauka, nakaanga na kitunguu na tomati mpaka inalia mu meno. Yule rafiki yako wa Namur anasema hakuna mutu anaweza kula mududu, basi umuulize zile crevettes grises, kamba badogo ba bahari, kwao banajaza mu tomati, yenye macho na miguu ikiwa bado haijamenywa, ni mutoto wa nani. Uniambie jibu yake, nataka kucheka.

Kwa sasa anza na avoka na pilipili, hiyo hakuna douane ya kukuzuia ku mupaka. Mama Nadine anasafiri jeudi ijayo, namupatia pilipili ya kukauka na karanga ya kukaanga, mufuko moja, usiseme ni kidogo, bagage yake imejaa. Jibu na audio, usiandike, macho yangu unajua.

Mama yako