Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: presha ya mgonjwa wa kiharusi isishushwe kwa pupa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ngamiani. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa pia wanaouguza ndugu zao.

Mtu akipatwa na kiharusi, presha mara nyingi hupanda. Mashine ikisoma 200 kwa 110, ndugu hushikwa na hofu, na mhudumu naye hutaka kuishusha papo hapo. Katika kituo kimoja nimeshuhudia nifedipine, kidonge laini cha kushusha presha, ikitobolewa na kukamuliwa chini ya ulimi wa mgonjwa ambaye hajapigwa picha ya kichwa. Njia hiyo wataalamu walishaikataa tangu miaka ya 1990.

Viharusi vingi hutokana na damu iliyoganda na kuziba mshipa wa ubongo. Kandokando ya sehemu iliyokufa ipo nyingine ambayo bado hai, na uhai wake unategemea damu kidogo inayosukumwa na presha hiyohiyo. Iangushe ghafla, nayo itakufa. Aliyefika akiinua mkono ataamka asubuhi hauinuki tena. Ndiyo maana miongozo humwacha mgonjwa huyu bila kumshushia presha, kama hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mpaka presha ivuke 220 kwa 120. Hata hapo hushushwa polepole, kama asilimia 15 katika saa 24 za kwanza. Mwenye dharura nyingine, mathalani kifafa cha mimba au moyo kushindwa kazi, ana utaratibu wake.

Mshipa ukipasuka, mambo hugeuka: presha iliyopanda hushushwa mapema, namba ya juu ikielekea 140, kwa uangalizi wa karibu. Kwa kumtazama tu mgonjwa huwezi kujua ni kiharusi kipi. Picha ya kichwa ya CT-skani ndiyo hutenganisha.

Kwa hiyo naomba waraka mfupi ufike kila zahanati, kuanzia Lushoto hadi Pangani: mgonjwa apimwe presha na sukari, asipewe kitu mdomoni kabla ya kuhakikisha anameza vizuri, na apewe rufaa haraka.

Halafu kuna dawa za baadaye. Hali ikitulia, vidonge vya presha ni vya maisha. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vinapunguza kiharusi cha kurudia kwa zaidi ya robo. Amlodipine na hydrochlorothiazide si dawa za bei kubwa. Zisikosekane dirishani, na tarehe ya kuanza kuzimeza iandikwe kwenye kadi siku mgonjwa anaporuhusiwa.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu, Ngamiani, Tanga