Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alale Wapi, na Nani Ampigie Hodi

Assalamu alaykum, wanajumuiya wenzangu wa Unguja na Pemba.

Jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu ni makaazi ya wanyonge wetu: mzee asiye na wa kumtazama, mtu mwenye ulemavu, kijana aliyetoka kwenye matibabu ya dawa za kulevya. Kila mmoja tunamuulizia mambo mawili, alale wapi na nani ampigie hodi asubuhi. Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowarudisha watu barazani hata baada ya kupewa chumba kizuri.

Nyumba za wazee za Serikali, Sebleni na Welezo hapa Unguja na Limbani kule Wete, ni tegemeo la asiye na mtu kabisa. Lakini wengi wanaotufikia wana mtaa, wana msikiti, wana jirani anayejua kuwa Bi Mkubwa hajafungua dirisha tangu alfajiri. Kumhamisha ni kumvua yote hayo. Kwa hiyo Kamati Tendaji imeona tuanze na kurekebisha nyumba aliyomo mtu, na hapa nitasema kwa urefu, kwa sababu kazi nyingi huharibika kwa vitu vidogo.

Njia ya mteremko mlangoni: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 ni sentimita 30, basi mteremko uwe mita 3.6. Upana usipungue sentimita 90, na mbele ya mlango pabaki tambarare ya mita 1.5, ili kiti cha magurudumu kisirudi nyuma wakati mtu anashughulika na kitasa. Vichochoro vya Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, havina nafasi hiyo. Mteremko ulazwe sambamba na ukuta, na pengine kipande cha baraza kivunjwe. Majirani waulizwe kabla ya nyundo, maana baraza hukaliwa na wengi. Kosa kubwa la mafundi ni kupiga niru, yaani kusakafu kwa uji laini wa saruji, ili zege ling'ae. Masika ikiingia, panateleza. Zege likiwa bichi lipitishwe ufagio wa njiti, mistari ikikata njia. Na mchanga wa pwani usitumike hata ukiletwa bure: chumvi yake huila nondo, nondo huvimba kwa kutu, zege hupasuka.

Mlango wa choo ufunguke nje. Mtu akianguka ndani akaulalia mlango unaofunguka ndani, anayekuja kumnusuru hawezi kuusukuma. Vishikio vya bomba visikazwe kwa skrubu kwenye kiambaza cha udongo wala kwenye matofali yenye matundu. Uzito wa mtu ukishavitegemea, vinatoka na plasta yake. Bomba lisimamishwe sakafuni kama nguzo na kumwagiwa zege. Asiyeweza kuchutama atengenezewe kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hadi 48, miguu ivalishwe mpira. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu ni rahisi, lakini kukikata ni kukidhoofisha: miguu hutanuka kwenye sakafu ya maji na mzee huanguka nacho. Tusikitumie tena.

Mji Mkongwe una mambo yake. Vyumba vya wakf, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, vilivyo chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ni rehema kubwa kwa mwenye kipato kidogo. Ila upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vingi ni vyembamba. Chumba cha mita 2.5 kikiwekwa kitanda cha futi 3 kwenye ukuta mrefu, kiti cha magurudumu kinageuka, kwani kinahitaji mita 1.5. Kikiwekwa cha futi 5, hakigeuki. Mwenye miguu mibovu apewe chumba cha chini. Zile ngazi si za kupanda kila siku. Kuta zitengenezwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti vikaoza bila kuonekana. Kabla ya kazi yoyote pia lazima kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kwa wanaopata nafuu ya dawa za kulevya, tuangalie ramani kabla ya bei. Metadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, hasa miezi ya mwanzo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kliniki iko Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Chumba cha bei rahisi huko shamba kisichokuwa na daladala ya asubuhi humkosesha dozi. Na chumba kilicho hatua chache kutoka maskani yake ya zamani, pale alipokuwa akikaa na wenzake wa dawa, ni kibaya zaidi, hata kikiwa cha bure.

Kodi. Pensheni Jamii, posho ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, kwa waliofikia miaka 70. Inasaidia chakula, kodi ya mjini haiibebi. Aliye na miaka 63 hana hata hiyo, na huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita mbele. Mfadhili hulipa, watu hupumua, mwezi wa saba mzigo unakutwa nje. Akiba ya kodi inayofuata ianze mwezi wa kwanza, sehemu moja ya sita kila mwezi. Mkataba uandikwe, sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, awe shahidi, na utaje kwamba mpangaji akilazwa hospitali chumba chake hakitolewi.

Ninaomba kila tawi, kabla ya Masika, litume kwa Katibu vipimo vya kila nyumba inayohitaji kazi: kimo cha ngazi, upana wa milango, aina ya ukuta. Pamoja navyo liandikwe jina la jirani mmoja aliyekubali kupiga hodi kila asubuhi, na la mwingine wa kushika zamu yake akisafiri. Fomu isiyokuwa na majina hayo mawili Kamati itairudisha.

Wabillahi tawfiq.