Uhuru Afrika nayo ipewe nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu albamu za jazi zisizochuja ilizitaja Kind of Blue ya Miles Davis na A Love Supreme ya John Coltrane, na zinastahili. Kilichoniuma ni kutoiona Uhuru Afrika ya Randy Weston, tena katika gazeti la Kiswahili.

Weston, mpiga piano wa Brooklyn, aliirekodi New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado inasubiri zamu yake. Sinema za Marekani za enzi zile zilizifanya lugha za Kiafrika kuwa kichekesho, naye akataka watu wasikie uzuri na heshima yake. Akachagua Kiswahili. Shairi ni la Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, na aliyelighani kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sikilizeni utangulizi ule: sauti yake na ngoma, neno moja moja, bila papara.

Wengi wanaoiandikia albamu hii huanzia na kuishia kwenye siasa: kwamba serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Ni kweli, na ni sifa kubwa. Lakini sifa hiyo imeufunika muziki wenyewe, na hapo ndipo wahakiki walipoikosea. Aliyeupanga muziki huo ni Melba Liston, mwanamke mpiga trombone katika fani iliyojaa wanaume, na kazi yake humo haina mfano. Katika “African Lady”, Martha Flowers na Brock Peters wanaimba kumsifu mwanamke wa Kiafrika huku bendi kubwa ya watu zaidi ya 20 ikiwapisha. Tarumbeta zinangoja, hazigombani na sauti. Halafu inakuja “Bantu”, na ngoma zinashika usukani: Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, Max Roach wa Marekani. Kila mmoja ana mapigo yake na bado wote wanakwenda pamoja. Ukisikia hivyo huhitaji mtu akuhutubie kuhusu umoja wa Waafrika.

Weston mwenyewe alikwenda Lagos mwaka 1961, baadaye akahamia Morocco na kupiga na mafundi wa Gnawa, muziki wa jadi wa huko wenye asili ya Waafrika Weusi, na hakuiacha njia hiyo mpaka alipofariki mwaka 2018. Mwaka 1971 Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alitoa albamu iitwayo Mwandishi, na wanabendi wake walijipa majina kama Jabali, Mganga na Mchezaji. Sisemi waliyatoa kwa Weston, maana Weusi wengi wa Marekani walikuwa wamekumbatia Kiswahili wakati huo. Nasema Weston alikuwa amekiingiza studio miaka kumi kabla yao, na kwa watu wa lugha hii hilo peke yake lingetosha kumtaja.

Ombi langu kwa redio zetu, za Tanzania hasa: Desemba 9 ijayo, baada ya hotuba na gwaride, pigeni sehemu zote nne za albamu hii mfululizo, bila kuikatisha kwa matangazo. Na Melba Liston atajwe kwa jina.

Mpenzi wa jazi,
Tanga