Kwa Hamisi, kuhusu mdeki wa bunduki yako

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kabla ya mengine yote nakusihi: huo mdeki wa vipande vitatu, yaani ufito wa kusafishia bunduki, usiuingize kwenye mtutu. Pitisha ukucha kwenye maungio yake, utasikia unakwama. Ukiusukuma kwa nguvu unapinda hapo hapo kwenye maungio, na ile kingo inasugua mifereji inayoizungusha risasi.

Tafuta wa kipande kimoja. Wa nyuzi za kaboni ni mzuri, na wa chuma kilichovikwa plastiki pia. Mimi napenda wa chuma, ila plastiki yake hunasa vumbi na masizi ya baruti, kwa hiyo uufute kila unapoutoa. Mpini wake uwe na beringi, mdeki uzunguke wenyewe kwa kufuata mifereji. Usipozunguka, burashi huruka juu ya mifereji badala ya kuingia ndani yake.

Ukianza kazi, hakikisha kwanza chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Kisha toa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na uingize mdeki kwa nyuma, ukitumia mrija wa kuuongoza usigonge kuta. Nakusisitizia hili la nyuma kwa sababu mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa. Ukingo wake ukilika upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na kuisukuma risasi pembeni, na hapo shabaha inaharibika. Kitambaa kikishatokeza mbele, kitoe, usikirudishe na uchafu wake. Burashi nayo ipite mtutu mzima ndipo uigeuze. Ukiigeuza katikati nyaya zake hupinda au hukwama.

Umeniuliza kwa nini vitambaa vinaendelea kutoka na rangi ya buluu hata baada ya kusafisha sana. Tazama kile kichwa kinachoshika kitambaa. Kama ni cha shaba ya njano, dawa ya kuondoa shaba inakila chenyewe na buluu inatoka humo, na mtutu huenda umeshatakata. Weka cha plastiki ngumu, ujaribu tena.

Kabla hujanunua, pima toka mdomo wa mtutu hadi nyuma kabisa bolti inapoingilia, uongeze kama sentimita 15 za kushikia. Nitumie kipimo hicho pamoja na kipenyo cha risasi, nikuchagulie unene unaofaa.

Wako,
Juma